Kupanda KICC ukitokea Nakuru: mwongozo kamili wa siku moja

Mtu wa Nakuru anayetaka kuona mbali hana haja ya nauli ndefu. Boda boda humfikisha ukingoni mwa Menengai, na pale ardhi inadidimia takriban mita 485 hadi sakafu ya kreta. Jengo la KICC kule Nairobi, yaani ukumbi wa kimataifa wa mikutano wa Kenyatta, lina mita 105 tu. Ungesimamisha majengo manne ya KICC moja juu ya jingine ndani ya Menengai, na paa la lile la juu kabisa lisingekufikia miguuni. Basi kwa nini mtu aamke alfajiri, akae ndani ya matatu saa tatu nzima na kulipa kiingilio, apande jengo lisilofika hata robo ya kimo alichokizoea nyumbani?

Kwa sababu Menengai inakuonyesha kazi ya volkano, na juu ya KICC unaona kazi ya watu: nani aliwekwa wapi, reli ilipita wapi, kwa nini upande mmoja wa mji ni miti na upande mwingine ni mabati. Anayepanda bila kujua anatafuta nini hupiga picha kadhaa, akasema kuna upepo, akashuka. Nimewaona wengi wa namna hiyo, na kiingilio chao ni sawa na cha yule aliyekaa saa nzima akiusoma mji.

Mtu atauliza pia kwa nini KICC na si majengo marefu zaidi. Ni kweli, KICC ilikwisha kupitwa. Times Tower, makao ya mamlaka ya ushuru, ina mita 140. Britam Tower ya Upper Hill ina mita 200. Lakini hayo ni majengo ya ofisi, na mgeni hafiki paa lake kwa kulipa tikiti. KICC ina helipadi, uwanja wa kutua helikopta, iliyo wazi juu kabisa, huna kioo kati yako na mji, na jengo lenyewe liko katikati hasa: Bunge upande mmoja, stesheni ya reli upande mwingine, ofisi ya gavana hapo chini. Katika kuutazama mji, mahali uliposimama pana uzito kuliko idadi ya orofa.

Kwanza, siku

Hili ndilo jambo wengi hawalipangi, nalo ndilo linaloamua utaona nini. Wanachagua Jumamosi kwa kuwa ni Jumamosi.

Juni, Julai na Agosti ni miezi ya baridi Nairobi. Mawingu hukaa chini, mara nyingi mpaka mchana, na moshi wa magari na wa majiko hauna pa kwenda kwa sababu hewa baridi imekaa chini na yenye joto imeifunika kwa juu. Utauona mji, ndiyo, lakini wa kijivu, na milima usiitarajie. Januari na Februari anga huwa la buluu, ila vumbi la kiangazi hulififisha kadiri mchana unavyosonga. Siku iliyo bora kuliko zote ni ile inayofuata usiku wa mvua kubwa, iwe ya masika au ya vuli. Mvua huosha vumbi na moshi uliokuwa ukielea, na asubuhi yake vilima vya Ngong huonekana karibu mno hata ukadhani vimesogezwa. Kwa hiyo usijifunge na tarehe. Weka siku mbili au tatu zinazokufaa, fuatilia taarifa za hali ya hewa, na mvua ikinyesha usiku Nairobi, ondoka alfajiri.

Sasa saa. Jua la asubuhi linatoka mashariki, kwa hiyo linauangaza upande wa magharibi: Bunge, Uhuru Park, Upper Hill na Ngong. Alasiri mambo hugeuka, na Eastlands, mitaa ya mashariki, ndiyo inayong'aa. Mchana wa saa sita jua liko utosini, vivuli vinapotea, na majengo yote hugeuka mabapa yasiyo na kina. Ukiweza kuwa juu kati ya saa tatu na saa tano asubuhi, umepata. Anayetaka Mlima Kenya ajue kwamba mlima hujifunika mapema, kwa kuwa joto likipanda nao mvuke hupanda na mawingu hujikusanya kileleni. Mtu wa milima basi alale Nairobi na awe wa kwanza mlangoni. Anayetoka Nakuru siku ile ile aende kwa ajili ya mji, na mlima akiuona auhesabu kuwa nyongeza.

Kuna siku za kuepuka kabisa. KICC ni ukumbi wa mikutano kabla ya kuwa mahali pa matembezi. Wakuu wa nchi wakikutana humo, kama walivyofanya katika mkutano wa Afrika wa tabianchi mwezi Septemba 2023, mtu wa kawaida hakaribii hata lango. Siku za maandamano pia: Bunge liko hatua chache kutoka hapo, na barabara za karibu ndizo zinazofungwa kwanza. Piga simu siku moja kabla, uliza maswali matatu tu: helipadi iko wazi kesho, mnafungua saa ngapi, na malipo ni kwa njia gani. Majengo ya umri ule hufanyiwa ukarabati kila baada ya muda, na si vizuri kulijua hilo ukiwa tayari umeshuka Nyamakima, steji ya magari ya Nakuru jijini.

Pili, zoeza macho nyumbani

Wiki moja kabla, panda Menengai, na safari hii uipe kreta kisogo. Ichukulie kama mazoezi. Nenda na wenzako, maana njia ile ina sehemu zilizojificha na mtu wa peke yake mwenye simu nzuri hujitafutia matatizo. Geuka kusini uutazame mji wa Nakuru wenyewe. Tafuta ziwa kwanza, kisha reli, kisha barabara kuu. Ukishavipata vitu hivyo vitatu, mitaa mingine yote utaitambua kwa kuipima navyo: Milimani imepanda mteremko wa Menengai, Bondeni iko chini, viwanda na maghala yameifuata reli. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji ukajengwa kuizunguka. Zoezi hilo hilo, kuanza na maji, kisha reli, kisha barabara, ndilo utakalolifanya juu ya KICC.

Aliye Kisumu ana Riat. Ukipanda barabara ya Kakamega mpaka juu ya kilima, jiji lote linajitandaza chini yako, na nyuma yake ghuba. Tafuta bandari kwanza, kisha reli iliyoifikia mwaka 1901, kisha uone jinsi katikati ya mji ilivyojibana kando ya hayo mawili. Aliye karibu na msitu wa Kakamega apande kilima cha Buyangu, ingawa pale atazoeza macho kwa miti zaidi kuliko kwa paa.

Tatu, mkoba

Beba kitambulisho cha taifa. Bila hicho huingii, na bei ya Mkenya haitakuhusu hata ukizungumza Kiswahili sanifu kuliko bawabu. Weka pesa kwenye M-Pesa, kwa maana taasisi za serikali siku hizi hazipendi noti. Beba jaketi hata kama Nakuru kumepambazuka kwa jua. Juu kule hakuna ukuta mrefu wa kuzuia upepo. Kofia iwe ya kufungwa kidevuni au ibaki mkobani. Kina mama, leso ifungwe, isitupwe tu mabegani.

Kisu kidogo cha kumenyea machungwa kiache nyumbani, kitaishia mezani kwa askari.

Kitu kimoja ningekusihi ukiazime ikiwa huna: darubini ya macho mawili. Utaona zimeandikwa namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza inasema kitu kitasogezwa karibu mara nane, ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Usivutwe na yenye kukuza mara kumi na mbili au zaidi. Inakuza pia mtikisiko wa mkono wako, na kwenye upepo ule hutaona ila ukungu unaocheza. Nane inatosha, na viwiko ukivipumzisha ukutani picha inatulia.

Nne, safari

Nakuru hadi Nairobi ni kama kilomita 160. Matatu za abiria kumi na wanne zinafungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo hata barabara ikiwa tupu ni saa mbili, na barabara hiyo haiwi tupu. Hesabu saa tatu. Ukitaka kuwa juu saa nne asubuhi, uwe stejini saa kumi na moja alfajiri, maana gari haliondoki mpaka lijae.

Mwambie makanga unataka dirisha la upande wa dereva. Upande huo ndio wenye mambo yote ukielekea Nairobi: Ziwa Elementaita na kile kilima nyuma yake kinachofanana na shujaa wa Kimaasai aliyelala chali, kisha Ziwa Naivasha, kisha Longonot yenye mita 2,776, na mwisho, ukipanda kupitia Kimende, Bonde la Ufa lote likiwa chini ya dirisha lako. Aliyekaa upande wa mlango huona mashamba na vibanda tu, halafu anafika akisema safari ilikuwa ndefu.

Wa Kisumu wana kilomita kama 350, na kwenda na kurudi siku moja ni kujitesa. Chukua basi la usiku, ufike na alfajiri, unawe uso, unywe chai. Au njoo mchana ulale kwa jamaa. Treni ya Kisumu kwenda Nairobi ilirejea Desemba 2021 baada ya miaka mingi, nayo haiondoki kila siku, kwa hiyo uliza ratiba kabla ya kupanga chochote. Ni ya polepole, lakini anayeipanda huipitia njia ile ile ambayo baadaye ataitafuta kwa macho akiwa juu.

Tano, kutoka stejini hadi mlangoni

Magari mengi ya Nakuru hushusha Nyamakima. Simu iingie mfuko wa ndani kabla hujashuka, na mkoba uje kifuani. Panda na River Road, vuka Tom Mboya Street, ufike kwenye jengo la Makavazi ya Taifa. Vuka Moi Avenue, pita kando ya ule mnara wa mviringo uliokuwa Hilton mpaka hoteli ilipofungwa mwisho wa 2022, na uingie City Hall Way. Endelea mbele. Jengo la rangi ya udongo mwekundu lililo kama bomba kubwa, na kando yake paa lililochongoka, ndilo lenyewe. Ni mwendo wa robo saa hivi kwa mguu. Usipande boda, utalipa zaidi kwa kuzungushwa kuliko kwa kupelekwa.

Kabla hujaingia, simama uani karibu na sanamu ya Mzee Jomo Kenyatta na ulitazame jengo. Lilianza kujengwa mwaka 1967 kama makao makuu ya chama cha KANU, likiwa dogo kuliko unavyoliona. Kisha ikajulikana kwamba mkutano wa Benki ya Dunia wa 1973 ungefanyika Nairobi, na mji haukuwa na ukumbi wa kuubeba. Ramani ikakuzwa. Waliochora ni Karl Henrik Nøstvik kutoka Norway na David Mutiso, Mkenya wa kwanza kuwa msanifu mkuu wa majengo ya serikali. Mzee akalifungua Septemba 1973, likiwa na orofa 28. Mwaka 2003, KANU ikiwa imeshaondoka madarakani, serikali mpya ililichukua likawa mali ya umma. Huenda hili likaonekana kama maneno ya darasani, lakini ukiwa juu utaelewa kwa nini chama tawala kilitaka makao yake mahali ambapo Bunge na manispaa vyote viko chini ya macho yake.

Sita, kupanda

Langoni utapekuliwa. Mwamkie askari, toa kitambulisho bila kuombwa mara mbili, useme unaenda helipadi. Utaelekezwa kulipia, kisha kwenye lifti. Masikio yataziba kidogo. Meza mate yatazibuka. Lifti haifiki juu kabisa, orofa za mwisho ni ngazi, kwa hiyo mzee mwenye magoti mabovu aulize kwanza zimebaki ngapi. Orofa za juu ndizo zilizokuwa na mkahawa uliozunguka polepole, mteja akila huku mji ukimpita dirishani.

Ukitokeza kwenye helipadi, usikimbilie ukingo. Simama katikati dakika mbili. Walio na woga wa kimo, na ni wengi kuliko wanaokiri, wana sababu ya kimwili: tukiwa chini, macho hutumia vitu vya karibu kuusaidia mwili usimame wima. Juu kule hakuna cha karibu cha kushikiza macho, basi mwili unayumba kidogo nawe unahisi unaanguka. Dawa yake ni kushika kitu kisichotikisika, ukuta au reli ya chuma, na kutazama mbali kwenye upeo wa macho kabla ya kutazama chini. Mtoto mwekee mkono begani. Usimbebe juujuu ili aone. Atakachokiona hakina thamani ya hatari hiyo.

Saba, kuusoma mji

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo pa kuupa muda wako wote.

Washa dira ya simu utambue kaskazini. Kisha anza na reli, kama ulivyofanya Menengai. Tazama kusini mashariki: stesheni ile pale, yenye paa la chini na reli zilizojipanga nyuma yake. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwaka 1899. Wahandisi waliichagua nchi hii kwa sababu ilikuwa tambarare yenye maji, ya mwisho kabla ya mpando mkali kuelekea Limuru na ukingo wa Bonde la Ufa. Walihitaji uwanja wa kupangia mabehewa, hakuna aliyefikiria jiji. Kila unachokiona kilifuata uamuzi huo.

Sasa zungusha macho kutoka reli kwenda mashariki. Maghala na mabomba ya moshi ya Industrial Area, kisha Muthurwa, Makongeni, Kaloleni, Pumwani na Bahati, na mbele yake Eastlands ikitambaa hadi macho yachoke. Nyumba zimebanana, paa zinang'aa, miti ni michache. Geuka magharibi: ardhi inapanda, rangi inakuwa ya kijani, paa zinajificha chini ya majani. Si bahati nasibu. Mashariki ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaotuama maji msimu wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Magharibi ni udongo mwekundu wa volkano, maji hupita, miti hushika. Serikali ya kikoloni iliwapa Wazungu vilima vya magharibi na kaskazini, Wahindi wakawekwa Ngara na Parklands, na Waafrika wakawekwa mashariki, karibu na reli waliyoifanyia kazi. Miaka zaidi ya sitini baada ya uhuru mpaka ule bado unaonekana kwa rangi ya paa, na hakuna mahali unapouona wazi kuliko hapa. Ukilinganisha na Milimani na Bondeni ulizoziona juu ya Menengai, utagundua kwamba Nakuru ilichorwa kwa mkono ule ule.

Baada ya hapo, zunguka polepole.

Kaskazini, chini yako kabisa, ni City Hall. Mbele yake kidogo zitafute kuba za msikiti wa Jamia na minara yake, zilizobanwa na majengo ya biashara. Ng'ambo kuna bonde la Mto Nairobi, kisha Ngara. Kaskazini magharibi, karibu sana, ni kanisa kuu la Holy Family, na mbali kule minara ya Westlands, mji wa pili unaoota kando ya ule wa kwanza.

Magharibi ni Bunge na mnara wake wa saa, na kando yake kaburi la Mzee Kenyatta lenye ulinzi. Nyuma ya Bunge inapita Uhuru Highway, na juu yake barabara ya kulipia iliyofunguliwa 2022, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Kwa maoni yangu inaukata mji pale ulipokuwa mzuri zaidi, kati ya majengo na bustani ya Uhuru. Wenye magari watakuwa na maoni yao. Upande wa kusini magharibi Upper Hill imesimama na vioo vyake, na nyuma yake, ikiwa mvua ilikutendea wema, vilima vya Ngong na mitambo ya upepo juu ya migongo yake. Toa darubini sasa uone mapanga yakizunguka.

Kusini ni uwanja wa Nyayo, na nyuma yake nyika ya hudhurungi isiyo na nyumba: hifadhi ya taifa ya Nairobi, kilomita za mraba 117, iliyoanzishwa 1946. Usitarajie kumwona simba. Kusini mashariki, kabla ya stesheni, Times Tower inakuziba kidogo, na karibu yake, penye makutano ya Moi Avenue na Haile Selassie, kuna bustani ndogo ya kijani. Pale palikuwa na ubalozi wa Marekani uliolipuliwa tarehe 7 Agosti 1998. Walio na umri wa kukumbuka hunyamaza wakiiona. Waeleze vijana mlio nao, lakini kwa sauti ya kawaida, kuna wengine juu hapo waliofiwa.

Mwisho ni milima. Watu wengi hawaamini kwamba Kilimanjaro inaweza kuonekana Nairobi, nami huwapa hesabu. Chukua kimo ulichosimama kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 3.57, utapata umbali wa upeo wa macho kwa kilomita. Kwa mita 105 ni kama kilomita 37 hivi. Kwa hesabu hiyo ya nchi tambarare, chochote kilicho chini na mbali zaidi ya hapo kimefichwa na mviringo wa dunia. Lakini mlima nao umesimama. Kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895 kutoka usawa wa bahari, kimeipita Nairobi kwa zaidi ya mita 4,000, na ukikifanyia hesabu ile ile utapata kilomita zaidi ya 220. Jumlisha na zako 37. Mlima uko umbali wa kilomita kama 206. Kwa hiyo dunia haiufichi. Kinachouficha ni vumbi na mawingu. Utafute kusini, ukielemea mashariki kidogo. Mlima Kenya, mita 5,199, uko karibu zaidi, kilomita kama 137, kaskazini ukielemea mashariki. Usiutafute usawa wa mashamba. Inua macho juu ya mawingu ya chini, hapo ndipo unapotokeza, mdogo na mkali.

Nane, picha

Futa kioo cha kamera ya simu. Kina mafuta ya vidole tangu asubuhi. Zima mmweko, haufiki popote. Gusa skrini penye anga ili simu isilifanye jeupe tupu. Picha iliyo na kitu cha karibu, ukuta wa helipadi au bega la mwenzako, huonyesha kimo vizuri kuliko ile ya paa tupu. Askari akisema upande fulani haupigwi picha, shusha simu bila mjadala. Kuna majengo ya serikali kila upande. Droni usiibebe kabisa, inahitaji kibali na hapo ndipo mahali pa mwisho utakapokipata.

Helipadi ikifungwa

Hutokea. Usirudi Nyamakima ukinuna. Vuka Uhuru Highway kwa uangalifu, ingia Uhuru Park na upande mteremko wa upande wa Upper Hill. Kutoka pale unauona mji wote umejipanga, KICC ikiwa katikati, na ndiyo ile picha ya Nairobi uliyoiona kwenye kalenda za ukutani. Alasiri, jua likiwa nyuma yako, ni nzuri kuliko asubuhi. Mwenye siku nzima na miguu yenye nguvu aende vilima vya Ngong. Kule mji uko mbali, lakini upande wa pili unaliona Bonde la Ufa.

Kurudi

Ijumaa na siku za mwisho wa likizo, toka Nairobi kabla ya saa tisa, vinginevyo Naivasha na Gilgil zitakulaza njiani. Safari hii kaa upande wa mlango, bonde limehamia huko, na uwe na kofia maana jua la jioni litakuwa likiingia dirishani kwako. Dereva akisimama Soko Mjinga, viazi na kabeji ni nafuu kuliko za mjini, ila elewana na makanga nauli ya gunia kabla halijapanda keria.